Mtoto Ameongeza Kilo. Na Wewe, Mama?

SEHEMU YA 1

Leo siandiki kuhusu chanjo wala homa ya watoto. Hili nimeliahirisha muda mrefu, kila nikianza nafuta. Lakini wiki iliyopita kliniki nilimwona mama mmoja akijipangusa macho kwa leso ya mtoto. Nilipomwuliza akasema, "Hakuna kitu sista, ni vumbi tu." Jamani, ndani ya chumba cha chanjo, mlango umefungwa, vumbi latoka wapi? Nikaona basi, leo niseme.

Nitaandika kwa sehemu kwa sababu ni marefu. Soma ukinyonyesha, soma ukingoja maji yachemke. Ukichoka pumzika, urudi baadaye.

Mimi ni nesi, kliniki ya kina mama na watoto, hapa Mombasa. Kazi yetu mwaijua. Foleni yaanza mapema, mtoto avuliwa nguo, awekwa kwenye mizani, natia nukta kwenye ule mchoro wa kijitabu, sindano, tarehe ya kurudi, haya anayefuata. Dakika tano, sita hivi. Katika dakika hizo mtoto hukaguliwa kuanzia utosini mpaka nyayoni. Mama naye huulizwa kitu kimoja, tena huku nikiandika: "Wewe uko sawa?" Naye hujibu, "Niko sawa." Ni kama hodi na karibu, midomo yenyewe imeshazoea. Sidhani kama yupo kati yetu anayelisikiliza swali lile, mwulizaji wala mwulizwaji.

Maoni yangu ni haya, nayaweka mbele mapema ili anayetaka kubishana nami ajue tunabishana juu ya nini: lile "niko sawa" latugharimu. Wakati wa korona lilitugharimu zaidi, na korona ilipoondoka gharama haikuondoka nayo. Mama anayeweza kusema "siko sawa" na akasikilizwa amelindwa, kama vile mtoto aliyechanjwa alivyolindwa. Na kusema hivyo si kukosa shukrani, wala si kumkosea Mungu, wala si kuwa mama mbaya.

Nitawaeleza nilivyojifunza hili. Nilijifunza kwa kukosea.

SEHEMU YA 2

Ilikuwa Juni 2020. Kumbukeni siku zile. Barakoa, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, benchi tumezitia alama za rangi ili watu wasikaribiane. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa kwanza kwa chanjo ya wiki 10. Nimemwomba ruhusa kusimulia, amenipa, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa. Na miye sitataja.

Alikuwa nadhifu. Nasema hivi makusudi, kwa kuwa twadhani mwenye shida huonekana. Huyu alikuwa amevaa vizuri, mtoto amepakwa mafuta, kijitabu kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Nikampima mtoto. Uzani mzuri ajabu. Nikamwambia, "Hongera mama, mtoto ananawiri huyu."

Akaniuliza, "Kwa hivyo yuko vizuri kabisa?"

"Kabisa."

"Hata mimi nisipokuwepo, maadamu apata maziwa, atakua tu?"

Nikacheka nyuma ya barakoa. Nikamjibu, "Na wewe waenda wapi, na mipaka imefungwa yote hii?" Kina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Naye akacheka. Nikamwandikia tarehe, wiki nne mbele. Akaniambia, "Asante sista." Akaondoka.

Wiki nne baadaye mtoto aliletwa na mavyaa wake yule mama. Nikauliza, kwa desturi tu, "Mama mtu yuko wapi leo?" Yule bibi akaangalia kushoto na kulia, akainama mpaka sikioni mwangu. Mkaza mwana wake alikuwa amejaribu kujiua. Walimwahi. Siku zile alikuwa kwao amelala, haongei, atazama ukuta. Hospitalini walisema ni ajali ya nyumbani. Waliogopa polisi.

Yuko hai. Nawaambia sasa hivi ili msisome mkiwa na roho juu. Yuko hai, alitibiwa, na mwanawe anasoma chekechea, ni mtundu kupita kiasi. Lakini usiku ule sikulala. Nililisikia lile swali lake upya, neno kwa neno. Alinipa kila kitu. Alikuja kwa mtu aliyevaa sare, akasema kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nikamfanyia mzaha mbele za watu.

Je, nilikuwa nesi mbaya? Nimejiuliza sana. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hofu, na mwenyewe sikuwa sawa, hilo nitalifikia. Lakini sababu kubwa ni kuwa sikuwa natarajia jibu. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza kuhusu damu, titi, mshono, mkojo. Kuhusu moyo wake nilikuwa na "uko sawa?" tu, na hilo si swali.

SEHEMU YA 3

Kuna watu huniambia, "Sista, haya mambo ya afya ya akili ni ya kizungu. Nyanya zetu walizaa wakati wa njaa, walizaa watoto tisa, na hatukusikia habari za unyogovu."

Mimi ni mtoto wa Pwani, nawaheshimu nyanya zangu. Lakini tuulizane, nyanya walizaa wakiwa na nani?

Walikuwa na arobaini. Mzazi akijifungua hakuachwa. Mamake alikuja, shangazi alikuja, jirani alikuja. Alikandwa kwa maji moto, akapikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na usiku mtoto alichukuliwa ili mzazi apate kulala. Siku arobaini hakuosha sufuria. Na wakati anakandwa, yule anayemkanda alimtazama usoni. "Mbona macho yamekuvimba? Umelala? Mume amesema nini? Mbona mtoto akilia hugeuki?" Hakuna aliyeita hiyo afya ya akili, lakini ndiyo iliyokuwa ikipimwa, kila siku, na mtu aliyekujua tangu utotoni. Na hata hivyo, wapo walioanguka. Tuliwaita wamepagawa, au tukasema mtoto amekuja na mkosi, tukawaficha. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba haikuwepo.

Sasa rudini 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa, siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Mama aliyeshikwa na uchungu saa tatu usiku alikuwa akibembeleza mwenye tuktuk atoke, naye aogopa rungu. Mahoteli ya pwani yalifunga milango, waume wakarudi nyumbani bila mshahara. Skuli zikafungwa, nyumba ya chumba kimoja ikajaa watoto mchana kutwa.

Yule mama wangu wa wiki 10 alijifungua juma lile lile mipaka ilipofungwa. Mamake yuko Voi. Asingeweza kuja. Mumewe alikuwa mhudumu wa hoteli, amekaa nyumbani, hana la kusema. Mavyaa alikuwa mgonjwa wa kisukari, akaambiwa asikaribiane na watu, akawa aja kusalimia dirishani. Hakuna aliyemkanda. Hakuna aliyemchukulia mtoto usiku. Hakuna aliyemtazama uso, na hata aliyemtazama aliona barakoa.

Na nani aliyewaambia watu wasitembelee wazazi? Ni mimi. Nilisimama mlangoni nikatangaza: wageni hapana, mtoto asipokewe na kila mtu, kaeni mbali. Nisingefanya vingine, ugonjwa ulikuwa waua na hatukuwa na chanjo yake. Lakini tuliondoa arobaini kwa amri na hatukuweka kitu mahali pake. Hata simu ya dakika mbili hatukuweka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na unyogovu viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Na hata kabla ya korona, shirika hilo hilo lilikuwa likisema kwamba katika nchi kama zetu karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, zaidi unyogovu. Mmoja kati ya watano. Benchi yangu ya kliniki yakaa kina mama watano. Kila nikiitazama nahesabu.

SEHEMU YA 4

Sehemu hii ndiyo niliyokuwa nikifuta.

Machi 2020 mwanangu alikuwa na miezi minane kasoro. Alikuwa ananyonya bado. Kazini kulianza kuwa na wagonjwa wa homa na kikohozi, na vifaa vya kujikinga havikutosha, barakoa moja twaivaa mpaka yalainika. Nikarudi nyumbani nikimwogopa mtoto wangu. Navua nguo nje, naoga, nafua, ndipo namshika, na hata hapo nimeziba pumzi. Siku tatu kabla ya mipaka kufungwa nilimpeleka kwa mamangu Kilifi. Nikasema ni wiki mbili. Nikavuka daraja la Mtwapa kurudi Mombasa, matiti yamejaa, blauzi imelowa.

Ziliisha siku 90 kabla mipaka kufunguliwa. Nilikuwa mtumishi wa afya, ningeweza kuomba kibali nipite. Sikuomba. Niliwaambia watu naogopa kumpelekea mamangu ugonjwa, na hiyo ni kweli. Lakini ukweli mwingine sikuusema: wiki ya kwanza nilihisi nafuu. Nililala. Hakuna aliyenililia. Nikafurahi kwamba mwanangu hayupo. Kisha nikajichukia kwa kufurahi, na chuki ile haikuondoka. Nikaanza kuamka saa tisa usiku, moyo waenda mbio, nahesabu nani nimemgusa. Chakula kikakosa ladha, nikadhani ni korona, nikapimwa, siyo. Siku moja niliingia stoo kuchukua glavu nikakaa chini sakafuni. Sikulia. Nilikaa tu, sijui muda gani, mpaka mwenzangu akanifuata. Akaniuliza, "Uko sawa?" Nikamjibu nini? "Niko sawa, kizunguzungu tu."

Mnaona? Nesi, mwenye kujua dalili zote, nami nikatoa jibu lile lile la vumbi.

Kwa nini? Nje mlikuwa mwatupigia makofi. Mlituita mashujaa, wanajeshi wa mstari wa mbele. Nawashukuru. Lakini shujaa haketi sakafuni stoo. Kila sifa ilinifunga mdomo zaidi. Na kulikuwa na wanaokufa. Julai 2020 Kenya ilimzika Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini kufa kwa korona, naye alikuwa daktari wa kina mama kama hawa wangu. Mwenzako amekufa, wewe walalamika kwamba hulali?

Tarehe 7 Julai mipaka ikafunguliwa. Nikaenda Kilifi siku iliyofuata. Mwanangu alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Nikamnyoshea mikono. Akanitazama, akalia, akamkimbilia mamangu kwa magoti.

Mamangu hakuniambia "vumilia." Alimshika mtoto mkono huu, mkono mwingine akanivuta mimi, akasema, "Mwanangu, umekonda. Kaa hapa uniambie." Nikakaa jikoni, yeye akuna nazi, nami nasema. Nilisema yote, mpaka lile la kufurahi. Aliniambia, "Mimi nilipokuzaa wewe, mwezi wa kwanza sikukupenda. Nilidhani nimelaaniwa. Nyanyako ndiye aliyejua." Umri wote huu sikuwahi kulisikia neno hilo. Angenificha mpaka kaburini kama mimi nisingesema langu kwanza.

Juma lile lile ndipo mavyaa wa yule mama alipomleta mtoto kliniki na kuniinamia sikioni.

Baada ya hapo nilimwendea mwenzangu wa afya ya akili, nikaketi upande ule mwingine wa meza, kama mgonjwa. Nilikwenda mara sita. Sikufa kwa aibu. Na kazi sikufukuzwa.

SEHEMU YA 5

Najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa.

"Sista, mimi nina imani. Nikisema siko sawa ni kama namlaumu Mungu." Dada yangu, ukishikwa na malaria waswali na wameza dawa. Hakuna aliyekwambia kidonge ni kukufuru. Omba, tena omba sana, na uje kliniki. Shehe, padri na pasta wanaojua kazi yao watakwambia hivyo hivyo. Anayekwambia unyogovu ni upungufu wa ibada, mwulize kama kisukari nacho ni upungufu wa ibada.

"Nikisema, watu wataniita kichaa." Huenda wakasema. Sitakudanganya kwamba mtaa umebadilika. Ndiyo maana siwaambii mkatangaze sokoni Kongowea. Chagua mtu mmoja. Mmoja atosha kuanza.

"Watanichukulia mtoto." Hili ndilo kina mama hulisema kwa sauti ya chini kabisa. Hatuchukui mtoto kwa sababu mama amesema amechoka au ana huzuni. Tunachotaka ni kumsaidia mama ili mtoto abaki naye salama.

"Nikisema nimefikiria kufa, nitafungwa." Hofu hii haikuwa ya bure. Sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ndiyo maana wale watu wangu walisema ni ajali, na daktari aliyemtibu hakujua ugonjwa anaoutibu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na mapema zaidi, Julai 2020, katikati ya korona yenyewe, jopokazi la afya ya akili lililoundwa na serikali lilipendekeza tatizo hili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Wakubwa walishasema. Kwetu majumbani ndiko bado tunanong'ona.

Na lile la mwisho, ndilo langu zaidi: "Korona imeisha sista, mbona wafukua makaburi?" Ni kweli, Mei 2023 WHO ilitangaza mwisho wa dharura. Daraja la Mtwapa lapitika. Lakini arobaini je, imerudi? Mimi naona haijarudi. Tulizoea kutuma "hongera" kwa simu, na picha ya maua, tukaona yatosha. Mama anajifungua leo, kesho yuko peke yake katika chumba cha kupanga, mume kazini, mamake mbali, simu imejaa maua. Kafyu tuliyowekewa iliondolewa Oktoba 2021. Kafyu ya kutotembeleana tumejiwekea wenyewe, na hakuna wa kuja kuiondoa.

SEHEMU YA 6

Sasa tufanye nini? Nitasema machache, ya kufanyika.

Kwanza tujue tofauti. Kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua, kina mama wengi hulia ovyo, hukasirika bila sababu, hucheka na kulia kwa saa moja. Hiyo ni kawaida, kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili, na dawa yake ni usingizi, chakula na watu. Ikipita wiki mbili na bado huzuni haiondoki, hulali hata mtoto akilala, huoni raha ya kitu, wajilaumu kwa kila jambo, wamwona mtoto kama wa mtu mwingine, au hofu yakukaba bila kukuachia, huo ni ugonjwa. Waweza kuanza hata ukiwa mjamzito, na waweza kuanza miezi baada ya kuzaa. Unatibika. Wengine hupona kwa mazungumzo ya tiba, wengine huhitaji na dawa, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Usijinunulie dukani, usiache ghafla ulizopewa.

Na kuna ile ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo: mama asikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asema mambo yasiyoeleweka, hajalala siku kadhaa na hahisi usingizi, au asema atajidhuru yeye au mtoto. Hapo usimwache peke yake hata kidogo, wala usimwachie mtoto peke yake. Usisubiri asubuhi. Ukiwa huna wa kumwuliza, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya 1199, haina malipo.

Pili, tubadilishe swali. "Uko sawa?" litupeni. Ulizeni swali ambalo halijibiki kwa neno moja. "Usiku wa jana ulilala saa ngapi kwa jumla?" "Mara ya mwisho kucheka kwa moyo ilikuwa lini?" "Ni saa ngapi ya siku iliyo ngumu zaidi kwako?" Kuna orodha ya maswali 10 iliyotungwa Scotland mwaka 1987, yaitwa maswali ya Edinburgh, imeshatafsiriwa kwa Kiswahili, na kina mama huijibu kwa dakika chache. Haina sindano wala mashine. Mimi naiuliza sasa, foleni iwe ndefu namna gani. Na ile ya mwisho, ya kujidhuru, naiuliza waziwazi, kwa Kiswahili chepesi. Watu hudhani ukimwuliza mtu kuhusu kujiua utampandia wazo. Sivyo. Aliye nalo hupumua, kwa kuwa kuna mtu ameweza kulitamka.

Tatu, baba. Ndugu yangu unayesoma kwa simu ya mkeo, nakuona. Huhitaji kuwa daktari. Mchukue mtoto kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, mama apate saa nne za usingizi mfululizo. Nimeona usingizi ukifanya ambayo maneno hayakuweza. Na akikwambia "nimechoka", usijibu kwamba nawe umechoka. Mwulize, "Niambie." Zamu yako itafika, nawe useme. Waume wengi walipoteza kazi siku zile wakanyamaza, na kimya chao kilijaa nyumba nzima.

Nne, mgeni wa mzazi. Ukienda kumwona mzazi usimwendee mtoto kwanza. Mtoto hakujui. Nawa mikono, ndiyo, hilo la korona tubaki nalo. Kisha nenda kwa mama. Mpelekee chakula kilichoiva, osha vyombo ulivyovikuta, mwambie akalale, ukae na mtoto. Na maneno haya yaacheni nje na viatu: "vumilia", "wenzako watafuta watoto hawapati", "mbona fulani ana pacha na halalamiki". Nimeyasikia mpaka kwa wenzangu wenye sare. Mtu anayezama humwambii kuna wengine hawana hata bahari.

Na wewe mwenyewe mama. Nakuomba jambo moja dogo. Leo, kabla ya kulala, mwambie mtu mmoja sentensi moja ya kweli. Isiwe ndefu. "Naogopa jioni zikifika." "Simpendi mtoto kama nilivyodhani nitampenda." "Nilifurahi alipokuwa hayupo." Hiyo ya tatu ni yangu, nakuazima.

Yule mama nilimtembelea mwezi uliopita. Alinikaangia mahamri, mwanawe akaja kuninyang'anya moja sahanini. Nilimwomba msamaha tena, kama ninavyomwomba kila mara. Akaniambia, "Sista, siku ile nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa na tarehe naye." Hebu fikirieni. Katika mji mzima, mwezi mzima, aliyekuwa anamngoja ni mimi tu, na nilikuwa namngoja mtoto.

Kesho nitakuwa kliniki kuanzia saa mbili asubuhi. Ukija nitampima mtoto, nitatia nukta yangu, nitampa chanjo yake. Halafu nitaiweka kalamu chini na nitakuuliza wewe. Tafadhali, usiniambie ni vumbi.